Chakula cha Kijana Mkimbiaji

Katika miji na vijiji vyetu wako vijana wengi ambao huamka kabla ya jua kuchomoza, wakakimbia maili nne au tano, kisha wakaenda darasani na matumbo matupu, na jioni wakarudi tena uwanjani. Ukiwauliza ni kitu gani kitakachowapatia ushindi, watakutajia viatu, mwalimu wa michezo na bidii. Ni wachache sana watakaokutajia sufuria. Nao wazazi, ambao ndio wenye sufuria, mara nyingi hudhani kwamba kijana wa michezo anahitaji kitu cha ajabu kisichopatikana nyumbani: nyama ya kila siku, unga wa makopo kutoka ng'ambo, au vinywaji vya rangi vyenye majina ya kutisha. Pande zote mbili zimekosea. Na kosa hili si dogo, kwani mwili unaotumikishwa pasipo kulishwa huanza kujila wenyewe, na kwa kijana ambaye bado anakua, hasara hiyo hailipwi yote baadaye.

Basi katika somo hili tumekusudia kueleza kijana mwenye kukimbia anahitaji nini, kwa nini anakihitaji, na apate wapi. Hatutaanza na vitabu vya Ulaya. Tutaanza na watu wa jirani zetu, ambao dunia nzima imekuja kuwatazama.

WALICHOKULA WAKIMBIAJI WA BONDE LA UFA

Katika nyanda za juu za Kenya, pande za Eldoret na Iten, penye kimo cha mita 2,000 na zaidi juu ya usawa wa bahari, wametokea wakimbiaji wa masafa marefu wengi kupita kiasi cha watu wa eneo hilo. Wengine walisema ni hewa ya milimani, wengine wakasema ni damu, wengine wakasema ni kule kwenda shule kwa miguu. Hatimaye wakatokea wataalamu walioona kwamba yafaa pia kutazama sahani. Mwaka 2004 ilitangazwa kazi iliyoongozwa na mtaalamu Mkenya, Vincent Onywera, ambaye pamoja na wenzake waliwafuata wakimbiaji kumi wa daraja la juu katika kambi yao kwa muda wa siku saba, wakipima kwa mizani kila walichokula na kila walichokunywa.

Walikuta nini? Hawakukuta siri yo yote. Walikuta ugali, wali, viazi, mkate, maharage, sukuma wiki na kabeji, maziwa, na chai nyingi ya maziwa yenye sukari. Nyama ilikuwamo, lakini kidogo. Katika kila sehemu 100 za nguvu walizopata kutokana na chakula, sehemu 76 hivi zilitoka katika wanga, sehemu 13 katika mafuta, na sehemu 10 tu katika protini, yaani chakula cha kujenga mwili. Ugali peke yake ulitoa karibu robo ya nguvu zote, na sukari moja katika tano. Walikula mara tano kwa siku, na baada ya mazoezi hawakukawia, bali walikula katika muda wa saa moja. Vidonge na unga wa makopo havikuwamo.

Miaka miwili kabla yake, yaani mwaka 2002, ilikuwa imetangazwa kazi nyingine juu ya vijana wa Kikalenjin wenye umri wa kwenda shule. Hao chakula chao kilikuwa cha namna moja zaidi: sehemu kubwa kabisa ilikuwa mahindi na maharage. Mtu asiyejua angesema, "Maskini, watapata wapi nguvu?" Lakini hesabu ilionyesha kwamba wanga waliokula uliwatosha, na protini vile vile ilifika gramu 1.6 kwa kila kilo moja ya uzito wa mwili, kiasi ambacho wataalamu wa leo hukitaka kwa mwanamichezo.

Hapa yafaa tusimame kidogo, kwa sababu jambo hili la mahindi na maharage huelezwa vibaya hata na watu wenye elimu. Protini imefanywa kwa vipande vidogo vidogo vya namna nyingi, mfano wa matofali ya aina mbalimbali, na mwili hauwezi kujenga ukuta wake ikiwa aina moja imepungua, hata zile nyingine zikijaa tele. Mahindi yana upungufu wa tofali moja ambalo maharage yanalo kwa wingi. Na maharage yana upungufu wa jingine ambalo mahindi yanalo. Ukila mahindi peke yake umepungukiwa, na ukila maharage peke yake umepungukiwa, lakini ukivila vyote viwili siku moja, kila kimoja hukamilisha mwenziwe. Bibi zetu waliopika pure, na majirani zetu wa Kenya wanaopika githeri, hawakusoma elimu hii mahali po pote, lakini sufuria yao ilikuwa sahihi. Ndivyo ilivyo kwa wali na kunde, au ugali na choroko. Kwa hiyo mzazi asiyeweza kununua nyama asione haya mbele ya kijana wake. Aone haya ikiwa chungu cha maharage kinapikwa mara moja tu kwa juma.

Lakini lazima tutoe tahadhari moja. Wale wakimbiaji kumi wa mwaka 2004, kwa hesabu ya wapimaji, walikuwa wakitumia nguvu nyingi kuliko walizokula: walikula kalori zipatazo 3,000 kwa siku, na walitumia zipatazo 3,600. Walikuwa watu wazima, wakijiandaa kwa mashindano makubwa, na hiyo ilikuwa juma moja tu. Kijana wa miaka 15 asiige upungufu huo akidhani ndio uliowapa ushindi. Aige ugali, asiige njaa.

KWA NINI WANGA

Wanga tulao, ukiwa katika ugali, muhogo, ndizi au mkate, hugeuzwa kuwa sukari katika damu. Sukari isiyotumika papo hapo huwekwa akiba katika misuli na katika ini, na akiba hiyo wataalamu huiita glaikojeni. Misuli ya mtu mzima hubeba gramu 300 hadi 500 hivi, na ini hubeba gramu 100 hivi. Ghala hili ni dogo. Mtu anayekimbia kwa kasi humaliza sehemu kubwa ya akiba yake kwa muda wa saa moja na nusu mpaka saa mbili, na ikiisha, miguu huwa mizito kama iliyofungwa mawe, na kichwa hupoteza shauri. Mafuta mwilini bado yako, hata kwa mtu mwembamba, lakini hayatoi nguvu upesi kwa kadiri ambayo mbio za kasi hudai.

Tena akiba ya ini hupungua sana wakati wa usiku, kwani ubongo huendelea kuila sukari hata mtu akiwa amelala. Ndiyo maana kijana aliyekula chakula cha jioni saa moja, akalala, akaamka na kukimbia, kisha akakaa darasani mpaka saa saba mchana pasipo kula kitu, huonekana mvivu na mzito wa kufahamu. Mwalimu humwadhibu kwa kusinzia. Laiti angemwuliza amekula nini tangu jana.

Hesabu yenyewe si ngumu, na kila mzazi anaweza kuifanya. Kukimbia kilometa moja humgharimu mtu kalori moja hivi kwa kila kilo ya uzito wake. Kijana wa kilo 50 aliyekimbia kilometa 10 ametumia kalori 500, mbali na zile anazozihitaji kwa kuishi na kukua. Kalori 500 ni sawa na unga mkavu wa mahindi wa gramu 140 hivi, yaani sahani nzuri ya ugali. Kwa hiyo kijana huyu anapoanza mazoezi, nyumba imeongezewa mlaji. Si haki kumwambia, "Unakula sana siku hizi," kama kwamba ametenda kosa. Na dada yake anayekimbia naye, msimpakulie kidogo kwa kuwa ni msichana.

Na apate lini? Asubuhi kabla ya mbio ndefu, hata kama ni kikombe cha uji wenye sukari au ndizi mbivu mbili. Baada ya mbio, asichelewe: katika saa ile ya kwanza misuli hupokea sukari kwa upesi zaidi kuliko wakati mwingine. Kiazi kitamu kilichochemshwa jana usiku, kikafungwa katika karatasi na kutiwa katika mfuko wa shule, ni chakula bora kabisa kwa kazi hii, na bei yake haifiki nusu ya bei ya soda na keki ambazo vijana hukimbilia dukani. Maziwa yakipatikana, ya moto au ya mgando, ni heri zaidi, maana huleta maji, sukari, protini na chokaa ya mifupa kwa pamoja.

DAMU NA MIFUPA YA WASICHANA

Sasa tumefikia jambo ambalo kwalo hasa tumeandika somo hili, na tunawaomba akina baba wasiliruke kwa kudhani ni maneno ya wanawake.

Msichana wa umri wa miaka 14 hadi 18 anahitaji madini ya chuma miligramu 15 kila siku, ambapo mvulana wa umri huo anahitaji 11. Chuma ndicho kinachoifanya damu ichukue hewa kutoka mapafuni hadi misulini. Msichana hupoteza damu kila mwezi. Akiwa mkimbiaji, hupoteza chuma kingine kidogo kwa jasho na kwa kule kugonga chini kwa nyayo maelfu ya mara. Katika nchi zetu huongezeka malaria, na minyoo ile iletayo safura. Matokeo yake ni mwanariadha ambaye mwaka jana alikuwa wa kwanza na mwaka huu hawezi kumaliza mizunguko mitatu. Anahema upesi, kichwa kinamwuma, na ukimvuta chini kope la jicho utaona ndani ni peupe. Wengi huambiwa wamelegea, au wameanza kupenda mambo ya dunia. Tunasema: kabla ya kumhukumu, mpelekeni zahanati apimwe damu.

Chuma kilicho rahisi kupokewa na mwili kimo katika maini, nyama nyekundu, na dagaa. Kilichomo katika mchicha, kisamvu, matembele, maharage, dengu na wimbi hupokewa kwa shida, lakini kuna njia ya kukisaidia: kamua ndimu juu ya mboga, au mle chungwa, pera au nyanya mbichi pamoja na chakula hicho. Na kuna njia ya kukizuia, nayo, kwa bahati mbaya, ndiyo desturi yetu: kunywa chai ya rangi pamoja na chakula. Chai hushika kile chuma na kukitoa nje bila faida. Hatusemi msinywe chai, maana nani atatusikiliza? Tunasema iachwe muda wa saa moja baada ya kula. Vidonge vya chuma navyo visinunuliwe kiholela. Vitolewe baada ya damu kupimwa, kwani chuma kikizidi ni sumu.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Wako walimu wa michezo, hata katika nchi tajiri, wanaomwambia msichana kwamba akipunguza uzito atakimbia upesi zaidi. Na kwa majuma machache ya kwanza huenda ikaonekana ni kweli. Lakini mwili unapoona kwamba chakula kinachoingia hakitoshi kwa mbio na kwa maisha, huanza kufunga milango mmoja baada ya mwingine, kama mwenye nyumba anayezima taa ili kupunguza gharama. Mlango wa kwanza kufungwa ni ule wa uzazi: siku za mwezi hupotea. Zinapopotea, homoni inayolinda mifupa hupungua, na mifupa huanza kukonda. Baadaye hutokea nyufa katika mfupa wa muundi au wa wayo, pasipo kuanguka wala kugongwa. Mwaka 2014 Halmashauri ya Kimataifa ya Olimpiki iliyakusanya madhara haya yote chini ya jina moja la upungufu wa nguvu katika michezo, ikabainisha kwamba wavulana nao hawakusalimika: mifupa yao hudhoofika pia, na homoni zao za kiume hushuka.

Mfano unaojulikana ni wa Mary Cain wa Marekani. Mwaka 2013, akiwa na umri wa miaka 17, aliteuliwa kuiwakilisha nchi yake katika mashindano ya dunia mjini Moscow, akafika fainali ya mita 1,500. Watu wote walimtazamia makubwa. Mwaka 2019 alijitokeza hadharani akaeleza jinsi alivyoshurutishwa kupunguza uzito, jinsi siku zake zilivyopotea kwa miaka mitatu, na jinsi mifupa yake mitano ilivyovunjika. Hakukosa chakula kwa umaskini. Alikikosa mbele ya meza iliyojaa.

Basi mama mwenye binti mkimbiaji na aulize, kwa upole na faraghani, kama siku za binti zinakuja kwa taratibu yake. Zikikatika kwa miezi mitatu mfululizo, hiyo si dalili ya kwamba mazoezi yamekubali, kama wasemavyo baadhi ya wasichana wao kwa wao. Ni hatari. Binti apunguze mbio, aongezewe chakula, na aonwe na daktari. Karibu tisa ya kumi ya mifupa ya mwanadamu huwa imekwisha kujengwa afikapo miaka 18 au 20, na usichojenga wakati huo utakitafuta uzeeni usikipate. Vijana wa umri huu wanahitaji miligramu 1,300 za chokaa kwa siku. Kikombe cha maziwa kina 300 hivi, na dagaa wanaoliwa na miiba yao huongeza sehemu nzuri.

MAJI

Juu ya maji tutasema machache. Saa mbili kabla ya kukimbia, kijana anywe vikombe viwili hivi. Baada ya kukimbia, atazame mkojo wake: ukiwa mweupe-mweupe kama maji ya ndimu, ametosheka, ukiwa mwekundu kama chai, bado. Penye mizani, ajipime kabla na baada: kila kilo iliyopungua ni lita moja ya maji iliyotoka. Kwa mazoezi yasiyozidi saa moja, maji safi yaliyochemshwa yatosha. Yakizidi hapo na jua likiwa kali, tia katika lita moja ya maji vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, kipimo kile kile wanachokijua akina mama kwa mtoto mwenye kuharisha. Wala asifikiri kwamba kunywa kupita kiasi ni salama. Katika mbio za marathoni za Boston za mwaka 2002 wataalamu walipima damu ya wakimbiaji 488, wakakuta 13 katika kila 100 chumvi ya damu yao imeshuka chini ya kiasi kinachotakiwa, na jambo lililoambatana sana na hali hiyo lilikuwa kunywa hata uzito ukaongezeka njiani.

MWEZI WA RAMADHANI

Ndugu waliosilimu karibuni, na wale ambao wangali wakiichunguza dini, huuliza sana juu ya jambo hili: kijana mwanamichezo afanyeje mwezi wa kufunga utakapofika? Wengine huuliza kwa hofu, kwa kuwa wameambiwa na wenzao shuleni kwamba saumu itawamaliza.

Kwanza, tujue mpaka wa wajibu. Qurani Tukufu, katika Sura Al-Baqara, imemwondolea mgonjwa na msafiri saumu ya siku hizo, ikamwamuru atimize hesabu katika siku nyingine, na ikaeleza kwamba Mwenyezi Mungu anatutakia wepesi wala hatutakii uzito. Kadhalika mtoto ambaye hajafikia ukomavu hakubebeshwa mzigo huu, na wengi katika vijana tunaowazungumzia hapa wamo katika hesabu hiyo. Hao wazoezwe kidogo kidogo tu. Kwa hiyo kijana aliyesafiri kwenda mashindanoni ni msafiri, na msichana ambaye daktari amemwambia damu yake imepungua ni mgonjwa. Kujifungisha kwa nguvu huku ruhusa ipo si ucha Mungu uliozidi. Lakini mazoezi ya kila siku hapa nyumbani si safari wala si maradhi, na hatuoni ni vipi mwalimu wa michezo aweza kuyafanya kuwa udhuru. Aliye mzima, mkomavu, tena yuko kwake, na afunge, na ayapange mazoezi yake upya.

Jambo hili linawezekana. Katika Februari 1995, ambayo karibu yote ilikuwa Ramadhani, Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Nigeria aliyekuwa akicheza mpira wa kikapu katika ligi kubwa ya Marekani, alicheza huku amefunga, na alitangazwa kuwa mchezaji bora wa mwezi huo. Michezo ya Olimpiki ya London ya mwaka 2012 ilianza na kwisha ndani ya Ramadhani, na siku za huko ni ndefu wakati wa kiangazi. Wako wanamichezo Waislamu waliofunga, na wako walioahirisha kwa kuwa walikuwa safarini. Hakuna sababu ya kundi moja kulilaumu jingine.

Taratibu yenyewe ni hii. Mazoezi mazito yahamishiwe usiku, saa moja au mbili baada ya kufuturu. Mazoezi mepesi yaweza kufanywa karibu na magharibi, ili maji yasiwe mbali. Mchana wa jua kali asikimbie hata kidogo. Afuturu kwa tende na maji kama ilivyo Sunna, nayo ina hekima hata kwa mizani ya elimu ya chakula, kwani zaidi ya nusu ya uzito wa tende kavu ni sukari inayoingia upesi katika damu. Kisha asali, halafu ndipo ale chakula kizito. Hapa ndipo vijana wengi huharibu: hujaza tumbo sambusa na kaimati zilizojaa mafuta, wakalala, wasiamke daku. Daku ndilo chakula cha asubuhi cha mwanamichezo. Mtume s.a.w. alihimiza daku na kulichelewesha, na anayelichelewesha hupunguza saa za kukaa bila maji. Ale uji, au wali na maharage, na yai au maziwa, na anywe maji kidogo kidogo tangu magharibi hadi wakati huo, wala asiyanywe yote kwa mara moja, maana yataishia chooni. Usingizi atakaoupoteza usiku aulipe mchana.

MAKOPO NA CHUPA

Vijana wanauziwa madukani, na siku hizi hata kwa simu, unga na vidonge vinavyodaiwa kuongeza nguvu. Baadhi ya bidhaa hizi zimekutwa na dawa zilizokatazwa ambazo hazikuandikwa juu ya kopo. Sheria za Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa katika Michezo, lililoanzishwa mwaka 1999, humbebesha mwanamichezo mwenyewe wajibu wa cho chote kinachokutwa mwilini mwake. Kusema "Sikujua" hakumwokoi. Hivyo vinywaji vya kusisimua navyo nguvu yake ni sukari na kafeini tu, na kafeini nyingi humnyima kijana usingizi, ambao ndio wakati mwili unapojijenga. Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1 dakika 59 na sekunde 40, alikuwa akipokezwa kinywaji njiani mara kwa mara. Kilichomo kilikuwa wanga, jamaa wa karibu wa uji na sukari.

SIKU YA MASHINDANO

Mwisho, juu ya siku yenyewe. Usiku uliotangulia, kijana ale chakula chake cha siku zote, wanga mwingi kidogo kuliko kawaida, na asijaribu kitu kipya hata akikaribishwa kwa heshima. Ikiwa mbio ni saa nne asubuhi, ale saa moja: uji, mkate na asali, au viazi vitamu. Maharage, kabeji na vyakula vya mafuta aviache kwa siku hiyo, kwani havitoki tumboni upesi. Iliyobakia ni ndizi moja mfukoni, kwa ajili ya saa moja kabla ya kuanza kama tumbo linaikubali, na chupa ya maji yenye jina lake. Na yule mzazi anayekuja kutazama, badala ya kuja mikono mitupu, na abebe chombo chenye wali na maharage, amkabidhi mwanawe mara tu pumzi ikisharudi, ikiwa ameshinda au ameshindwa.